Naomba ushauri, nimjibuje mdogo wangu kuhusu kifo cha Yuda?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mdogo wangu yuko chuo, siku hizi kaacha kwenda kanisani anasema Biblia inajipinga yenyewe, na mfano wake kila saa ni Yuda Iskariote, yule mwanafunzi aliyemsaliti Yesu. Mathayo 27:5 alijinyonga, Matendo 1:18 alianguka akapasuka matumbo yakatoka, sasa anauliza tushike lipi. Nimemwelezea vile wengi tunavyofundishwa kwamba alijinyonga kwanza halafu mwili ukaja kuanguka, na lile shamba lililonunuliwa kwa hela ya usaliti walinunua makuhani, ila kwa kuwa hela ilikuwa ya Yuda ndo maana Matendo inasema kanunua yeye. Hilo la shamba kidogo alilipokea.

Nilipokwama ni Mathayo 27:9, anataja nabii Yeremia wakati vile vipande 30 vya fedha alivyolipwa Yuda viko Zekaria 11:12-13. Ila Yeremia 32 nako kuna kununua shamba, na Yeremia 19 kuna mfinyanzi, je Mathayo kaunganisha manabii wawili akamtaja mmoja? Maana Marko 1:2 naye kamtaja Isaya tu na maneno mengine ni ya Malaki 3:1.

Sitaki kumwambia we amini tu, nampenda sana huyu dogo. Wachungaji na walimu wa Neno nisaidieni, hiyo hoja inasimama au kuna maelezo bora zaidi?