"BIMA NI BIMA TU, MAMA. WEKA SAINI HAPA": yule jamaa wa koti la damu ya mzee kawamaliza wazee wetu Minnesota

MoyoUnachemka
Wakuu, salamu baadaye. Jina silitaji, mods wasije wakafunga uzi, na hakuna haja ya jina. Mnamjua. Koti la damu ya mzee, begi la magurudumu, hakosi msiba wala harambee kuanzia Brooklyn Park mpaka St. Cloud. Ukizaa leo, kesho yuko mlangoni anauliza bibi wa mtoto ana miaka mingapi.

Jumamosi hii kakodi ukumbi, kapika pilau la kulisha kata nzima, kaita wazee "waelimishwe Medicare", ile bima ya serikali kuu, hasa ya waliotimiza 65. Elimu yenyewe dakika nne. Baada ya hapo tableti ikaanza kuzunguka mezani kama kapu la sadaka. Mama mmoja wa miaka 71, miwani kaiacha nyumbani, kijiko bado mkononi, kauliza kwa adabu zote: "Mwanangu, hii ni sawa na ile niliyo nayo?"

Jibu: "Bima ni bima tu, mama. Weka saini hapa."

Halafu kidole cha yule mama akakishika YEYE. Kina mafuta ya pilau, kioo kikakataa. Akachukua kitambaa cha karatasi, akakifuta kile kidole kama anafuta kijiko, akakirudisha kwenye kioo. Kikakubali. Wazee wakapiga makofi.

Bima ni bima tu! Basi na jeneza ni kabati! Yule mama alikuwa ndani ya MSHO, ile Minnesota Senior Health Options ya waliotimiza 65 wenye Medicare na Medical Assistance (bima ya jimbo ya wenye kipato kidogo) kwa pamoja. Kadi moja: daktari, hospitali, dawa, meno, usafiri wa kwenda kliniki, na mratibu mwenye jina na simu anayemfuatilia. Sasa kasainishwa Medicare Advantage ya kawaida, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi. Mfumo wa Medicare hauulizi mara mbili, unashika usajili wa mwisho na ule wa kwanza unajifuta. Tarehe 1 mwezi ujao MSHO haipo, mratibu hayupo, Medical Assistance inahamia mpango mwingine, na mama anabaki na kadi tatu asizojua ipi aitoe dirisha lipi. Hayo yote kwa sababu aliahidiwa "meno bure", na meno alikuwa nayo tayari kwa Medical Assistance!

Kakishika kidole, wakuu. Kakifuta. Kakirudisha.

Kichuguu
Namjua. Koti lile analo tangu nipo high school.

PumziKwanza
Mkuu, kidole umekirudia kama kiitikio, na mpaka sasa hujatuambia mama anarudije MSHO. Hasira zako zitamlipia dawa?

MoyoUnachemka
@PumziKwanza ungekuwepo ukakiona kile kidole usingeongea hivyo.

FundiFomu
Mama anarudi, tena bila kusubiri msimu wa usajili wa Oktoba. Kuanzia 2025 mwenye Medicare na Medical Assistance kamili anaruhusiwa kujiunga na mpango unaounganisha vyote viwili, kama MSHO, mwezi wowote. Akijiandikisha mwezi huu, unaanza tarehe 1 ya mwezi unaofuata. Na akiwahi kabla usajili wa yule jamaa haujaanza, usajili mpya wa MSHO ndio utakaoshika, maana ndio wa mwisho.

Apigiwe Senior LinkAge Line, 1-800-333-2433. Ni huduma ya jimbo, bure, hawauzi kitu na hawalipwi kamisheni. Aombe mkalimani wa Kiswahili mwanzoni kabisa mwa simu, asingoje mpaka akwame katikati. Mkononi awe na kadi ya Medicare (nyeupe, nyekundu na bluu), kadi ya Medical Assistance, na chupa za dawa zenyewe. Narudia, chupa. Orodha ya kichwani huwa inasahau miligramu, na miligramu ndiyo inayoamua dawa ipo kwenye orodha ya mpango au haipo.

Wasio na Medical Assistance waliosainishwa Advantage: tupo Februari, dirisha la Januari 1 hadi Machi 31 bado liko wazi. Aliye ndani ya Advantage anabadilisha mara moja tu, ama Advantage nyingine, ama Medicare asilia (ile ya serikali moja kwa moja) pamoja na Sehemu D ya dawa. Na kama alidanganywa, apige Medicare yenyewe, 1-800-633-4227, aseme waziwazi kwamba wakala alimpotosha, ataje siku, mahali na maneno yaliyosemwa. Kwa hilo wanaweza kumfungulia dirisha lake peke yake.

Halafu pilau. Kanuni za Medicare haziruhusu wakala kutoa mlo kwenye mkutano wa kuuza mipango. Chai na biskuti, sawa. Sinia la pilau ni kosa. Na mkutano uliotangazwa kuwa wa elimu hauruhusiwi kugeuka wa kukusanya saini. Hilo nalo liripotiwe namba hiyohiyo.

Kichuguu
Kwa hiyo pilau lilikuwa haramu? Nilikula sahani mbili.

BintiWaSt.Cloud
Saini ni kidogo. Mimi hasira zangu ni kwa wale wanaotangaza kila kikao kwamba mzazi akifikisha 65 "anatumia krediti za mtoto". UONGO! Krediti 40 za kupata Sehemu A (ya hospitali) bila ada, yaani kama miaka 10 ya kazi yenye makato, ni zako mwenyewe au za mwenzi wako wa ndoa. Mtoto hata awe amefanya kazi hapa miaka 30, hampi mzazi hata krediti moja.

Mzazi aliyeletwa kwa grin kadi bila krediti anasubiri miaka 5 mfululizo ya kuishi hapa. Ikitimia, anaruhusiwa KUNUNUA Medicare. Bei za 2026: Sehemu A bila krediti 30 ni dola 565 kwa mwezi, mwenye 30 hadi 39 ni dola 311. Sehemu B (ya madaktari na kliniki) ni dola 202.90. Jumlisheni 565 na 202.90 muone kama ni "bure" hiyo waliyoahidiwa wazazi wetu. Anaweza kununua B peke yake, lakini B peke yake haimwingizi kwenye Advantage, kule wanataka A na B. Kabla ya miaka 5, mlango wa kugonga ni MNsure, soko la bima la jimbo, si Medicare.

MzeeWaKaunti
@BintiWaSt.Cloud ongeza hili. Mwenye kipato kidogo aombe QMB, msaada wa kulipia gharama za Medicare, kupitia kaunti yake. QMB inalipa ada ya B, na hata ile ya A kwa asiye na krediti. Kwa Minnesota akiba isizidi dola 10,000 kwa mtu mmoja na 18,000 kwa wanandoa, na nyumba anayoishi haihesabiwi. Ila mzazi aliyedhaminiwa na mtoto ajue kwamba mapato ya mtoto aliyesaini dhamana yanaweza kuhesabiwa. Ombi likikataliwa watu hushangaa, kumbe sababu ni hiyo.

Na mwenye QMB HALIPISHWI ile asilimia 20 ya bili ambayo Sehemu B humwachia mgonjwa, na hospitali wala kliniki inayopokea Medicare. Sheria inakataza. Bili ikija, usilipe "ili yaishe". Wapigie ofisi ya malipo uwaambie wewe ni QMB, wapeleke dai upya. Tatizo huwa hapa: dirishani umeonyesha kadi ya Medicare peke yake, ile ya Medical Assistance imebaki kwenye pochi.

MoyoUnachemka
Yote hayo nayajua, wakuu. Hoja yangu ni kidole. Mtu mzima anafutwa kidole mbele za watu!

PumziKwanza
Kidole cha tano hicho. Nahesabu.

DerevaWaI94
Nyie na wazazi mna bahati, angalau mnajadiliwa. Sisi tunaofanya kazi mpaka 66, 67, nani anatuambia habari ya COBRA, ile ya kuendelea na bima ya kazi kwa kujilipia mwenyewe ukishaacha kazi? Mtu anaacha kazi, anapewa karatasi za COBRA, anaona ana bima, anatulia miezi 18. COBRA haihesabiki kama bima ya kazi! Una miezi 8 ya kujiandikisha Sehemu B bila adhabu, na inaanza kuhesabiwa siku kazi au bima ya kazi inapoisha, chochote kitangulie. Ikipita, unangoja Januari hadi Machi, na adhabu ni asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili uliyochelewa. Hiyo adhabu haiishi mwaka ujao. Unazikwa nayo.

Fomu ni mbili: CMS-40B unajaza wewe, CMS-L564 anajaza mwajiri. Ya mwajiri ndiyo inayokwama, kwa hiyo ipelekeni kabla hamjaaga, bado mnaonana na mtu wa ofisi uso kwa uso. Na mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya 20 ni hesabu nyingine kabisa: hapo Medicare ndiyo inayolipa kwanza. Usipoichukua ukifika 65, bima ya kazi inaweza kukuambia sehemu hiyo haiwahusu.

FundiFomu
Sahihi. Na wenye ile akaunti ya akiba ya matibabu kazini (HSA), acheni kuweka pesa miezi 6 kabla ya kuomba Medicare. Ukiomba baada ya 65, Sehemu A inarudishwa nyuma hadi miezi 6, na kila ulichoweka humo katika miezi hiyo kinakuletea kodi ya adhabu.

ShangaziWaDuluth
Mimi nauliza tu, mzee akienda Kisumu miezi miwili kadi yake inafanya kazi?

BintiWaSt.Cloud
Shikamoo shangazi. Medicare asilia haimlipii huko. Bima za Minnesota za kujaziza pale Medicare asilia inapoishia, ile ya Basic na ile ya Extended Basic, zina asilimia 80 ya dharura za nje ya nchi. Usitafute "Plan G" wanayotangaza kwenye runinga, Minnesota hatutumii herufi hiyo, tuna mpangilio wetu wenyewe, kama vile Wisconsin na Massachusetts walivyo na yao. Na anunue ndani ya miezi 6 tangu Sehemu B ianze akiwa na 65 au zaidi. Ndani ya miezi hiyo hakuna kampuni inayoruhusiwa kumkataa kwa sababu ya sukari au presha.

Ila shangazi, kama mzee anapokea SSI, yale malipo ya serikali kuu kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, chunga siku. Akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo, SSI inasimama, na hairudi mpaka akae tena hapa siku 30 mfululizo.

ShangaziWaDuluth
Marahaba mwanangu. Siku 30! Na tiketi tumeshakata ya miezi miwili.

Kichuguu
Shangazi badilisha tiketi.

MoyoUnachemka
Jamani uzi ni wa yule jamaa wa koti.

ZamuYaUsiku
Koti liacheni. Hospitali ndiko wazee wanakoliwa. Mzee analala kitandani usiku tatu, gauni la hospitali, dripu, chakula kwenye trei, kila mtu anajua "amelazwa". Kumbe kwenye kompyuta ameandikwa yuko chini ya uangalizi. Usiku wa uangalizi ni Sehemu B, hauhesabiki. Akitoka kwenda nyumba ya uuguzi kufanya mazoezi ya nyonga, Medicare asilia inauliza: amelazwa rasmi siku 3 mfululizo, bila kuhesabu siku ya kutoka? Hapana? Basi analipa mwenyewe yote, kuanzia siku ya kwanza.

PumziKwanza
Kwa hiyo mtu anajuaje?

ZamuYaUsiku
Anauliza. Kila asubuhi, tena kwa maneno haya: "Amelazwa rasmi au yuko chini ya uangalizi?" Usimuulize nesi aliyeleta vidonge, ulizia meneja wa kesi. Uangalizi ukizidi saa 24 hospitali inatakiwa ikupe karatasi iitwayo MOON, kabla ya saa 36, na iwe na sababu iliyoandikwa. Mnasainishwa mkidhani ni ruhusa ya matibabu. Kusaini hakukufungi, kunaonyesha tu kwamba umeipokea, ila siku hiyohiyo mwite daktari umwombe aangalie upya kama hali ya mgonjwa inatosha kulazwa. Akishatoka mlangoni, kurekebisha ni shughuli ndefu mno.

Akiwa amelazwa rasmi, 2026 anatangulia kulipa dola 1,736 za Sehemu A, kisha nyumba ya uuguzi siku 20 za kwanza halipi kitu. Siku ya 21 hadi 100 ni dola 217 kila siku. Ikipita 100, hakuna.

DerevaWaI94
217 kwa SIKU?

ZamuYaUsiku
Kwa siku. Mwenye QMB au bima ya kujaziza inamchukulia. Wa Advantage afungue kitabu cha mpango wake. Mingi haidai zile siku 3, lakini inadai idhini ya kampuni kabla hajahamishwa, na idhini ikichelewa mzee anakaa kitandani akingoja.

ShangaziWaDuluth
Hiyo MOON inakuja kwa Kiswahili?

ZamuYaUsiku
Shangazi, hata ikija kwa Kiingereza lazima mtu akuelezee kwa mdomo, na mkalimani ni haki yako, hospitali ndiyo inayomlipa. Usimkubali mjukuu wa miaka 12 atafsiri. Mwambie nesi "Swahili interpreter, please" na usishike kalamu mpaka simu ya mkalimani iwe mezani.