Je, jiji liwe na kauli kuhusu nani afungue duka Champs-Élysées?

Mleta mada: Wakuu, mwaka 2006 kamati ya Paris iliikatalia H&M kufungua duka la nguo Champs-Élysées, barabara maarufu ya jiji hilo, kwa hofu kwamba maduka ya nguo yangeifanya barabara ile ifanane na nyingine yoyote. H&M hawakukubali, na mwaka 2010 wakafungua, tena duka likiwa limesanifiwa na Jean Nouvel.

Mimi naona kamati ilikuwa na hoja, ila ilimkamata asiyehusika. Mwaka 1667 André Le Nôtre, msanifu wa bustani za mfalme, alipanga pale njia ya miti ya kutokea bustani ya Tuileries. Ilikuwa njia ya kutembea tu. Maduka ya fahari yalikuja baadaye sana. Hata karne iliyopita, wengi walivutwa na mikahawa na sinema kuliko mikoba ya bei mbaya. Ukiwa na hela ya tiketi tu, nawe ulikuwa mtu wa Champs-Élysées. Sasa Normandie, sinema iliyofunguliwa 1937, imefungwa Juni 2024. Muuza fulana kahusikaje hapo? Wanaopandisha kodi ya pango ni wale wa mikoba, na hao hakuna aliyewazuia mlangoni.

Mchangiaji 1: Mkuu, unaonea mikoba. Louis Vuitton wa mikoba na Guerlain wa manukato walifungua pale mwaka 1914, kabla ya hiyo Normandie yako. Na Virgin Megastore, duka la muziki la mwaka 1988, ilikufa 2013 kwa sababu watu waliacha kununua CD. Biashara ikikosa wateja, diwani afanyeje? Awakokote?

Mchangiaji 2: Jiji lishike vilivyo vyake, yaani njia. Mwaka 1994 liliondoa magari yaliyoegeshwa pembeni na kupanua sehemu ya waenda kwa miguu. Tangu 2016, Jumapili ya kwanza ya mwezi magari hayapiti mchana. Hayo ndiyo yaliyomrudishia nafasi mtu asiyenunua kitu.

Mleta mada: La Virgin nimelikubali. Ila angalieni nani alirithi jengo: Galeries Lafayette, duka kubwa la bidhaa za fahari, mwaka 2019. Kila anayetoka, anayeingia ni mwenye mfuko mnene zaidi. Mbona kule Quartier Latin, mtaa wa Paris wa vyuo na vitabu, jiji, kupitia kampuni yake, lilinunua fremu ili maduka ya vitabu yasifukuzwe? Kwa nini isiwe hivyo kwa sinema?

Mchangiaji 1: Kwa bei za Champs-Élysées? Hapo itabidi wauze mnara wa Eiffel kwanza.