Tupeane uzoefu: Redio, TV na simu zilivyotuamulia la kuwaza siku ya kura

Mama Zabibu: Wadau, leo kwenye daladala ya Nkuhungu redio inasoma magazeti, mwanzo mwisho ni nani kahama chama na nani atamfuata. Abiria wote wakadakia hilohilo. Nikakumbuka 2015 kwetu Bahi. Pampu ya kisima imekufa, tunafukua mchanga korongoni kupata maji, lakini kwenye foleni ya ndoo gumzo ni Lowassa kutoka CCM kuhamia CHADEMA kugombea urais. Mgombea udiwani alipokuja hakuna aliyemuuliza pampu. Aliulizwa yuko upande gani, basi. Nanyi yaliwakuta?

Kijana wa Makulu: Umenena mama. Kwetu vilevile.

Mkazi wa Kikuyu: Mimi Bunge la moja kwa moja ndilo lililonifungua macho. Februari 2008, sakata la Richmond, ule mkataba wa umeme wa dharura, Lowassa anajiuzulu uwaziri mkuu hapahapa Dodoma, kibanda cha chipsi kimejaa watu mpaka barabarani. Tangu hapo nikawa nampima mbunge kwa anachosema. Januari 2016 TBC, televisheni ya taifa, wakasitisha matangazo yale. Mbunge wangu sikumsikia tena, 2020 nimempigia kura kwa kuangalia bango.

Kamanda77: Mzee, wale walikuwa wanaigizia kamera tu. Serikali ilisema ni gharama, ikaisha.

Mkazi wa Kikuyu: Na gharama ya kumchagua mtu usiyemjua analipa nani? Nijibu hilo kwanza.

Binti wa UDOM: Haya tumeyasoma darasani. Mwaka 1968 watafiti McCombs na Shaw waliwahoji wapigakura 100 ambao hawajaamua, mji wa Chapel Hill, Marekani. Mambo waliyoyataja kuwa makubwa yalilingana sana na yale yaliyopewa nafasi kubwa kwenye habari. Kwa hiyo habari si lazima zikuchagulie mgombea, zinakuchagulia suala. Kama ile pampu.

Kamanda77: Chapel Hill na Bahi wapi na wapi dada.

Mkulima Kibaigwa: Mmenitonesha. 2015 hiyohiyo, nyumbani kwetu Kongwa. Baba na TBC Taifa yake, kaka yangu na simu yake. Kaka anaoneshwa video za umati wa Lowassa, kila video "mafuriko". Baba anasema mafuriko gani, mbona redioni siyasikii? Nyumba moja, kampeni mbili. Wiki ya mwisho kaka akazima redio ya mzee wakati wa taarifa ya habari ili tumsikilize yeye. Mzee akaingia ndani, akatoka na panga. Nasema panga! Mama akajitupa katikati, akaipokonya ile simu na redio akazifukia kwenye ghala la mtama, akakalia mlangoni mpaka usiku. Tarehe 25 Oktoba kaka akasema ushindi upo, kura yake moja haina kazi, akaenda kuuza mahindi sokoni. NEC, tume ya uchaguzi, ikatangaza Magufuli wa CCM asilimia 58.46, Lowassa 39.97. Kaka hakula siku hiyo. Zile video hazikumwonesha watu waliokaa majumbani kwao.

Kijana wa Makulu: PANGA?? Walipatana lakini?

Mama Zabibu: Huyo mama apewe pole na hongera kwa pamoja.

Mkulima Kibaigwa: Walipatana msimu wa kulima, kwa kikao cha wajomba. Siasa hawaongei mpaka leo.

Kijana wa Makulu: Ushauri wangu, wiki ya mwisho zima kila kitu.

Binti wa UDOM: Hapana, sikiliza vyombo viwili vinavyopingana. Na shida za kitongoji ziandikeni kwenye karatasi kabla kampeni hazijaanza.

Kamanda77: Au mfukie simu kwenye mtama 😂 Ila kweli, asiye na muda wa yote hayo amjueje diwani wake?

Mkazi wa Kikuyu: Aende mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria unaitishwa kila miezi mitatu, mapato na matumizi yanasomwa hapo, na diwani akija anaulizwa ana kwa ana. Waandishi hawaji, ndiyo maana hamjausikia.