Uganda wako Oscar Jumapili hii (10 Machi 2024), sisi bado tunalilia Barbie. Mmenichosha!

Wakuu, salaam.

Nina hasira na leo sitaificha. Tangu majina ya wanaowania Oscar yatangazwe tarehe 23 Januari 2024, kila ukurasa wa burudani wa kwetu una kilio kile kile: Greta Gerwig wa filamu ya Barbie kaachwa kwenye uongozaji, Margot Robbie kaachwa kwenye mwigizaji bora wa kike, Hollywood haipendi wanawake. Wiki ya sita hii. Watu wa Mbagala, Arusha na Mwanza wanatukanana mpaka usiku wa manane kwa ajili ya filamu iliyoingiza zaidi ya dola bilioni 1.4 na iliyoteuliwa katika vipengele 8. Robbie mwenyewe yumo kama mtayarishaji kwenye Filamu Bora. Gerwig yumo kwenye skripti pamoja na mumewe, Noah Baumbach. Ryan Gosling yumo, America Ferrera yumo. Hao hawajaonewa. Wana fedha, wana majina, na wana magazeti ya dunia nzima ya kuwasemea.

Sasa nijibuni: ni wangapi humu mnajua kwamba kwenye kipengele cha dokumentari kuna filamu kutoka Uganda? Uganda hii hii ya kuvuka Mutukula! Inaitwa Bobi Wine: The People's President, inamhusu mwanamuziki na mwanasiasa huyo wa upinzani, imeongozwa na Moses Bwayo na Christopher Sharp, na ndiyo filamu ya kwanza ya Uganda kufika hatua hii. Ilianza kuonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Venice Septemba 2022, na Desemba iliyopita ikabeba tuzo ya dokumentari bora ya IDA, chama cha kimataifa cha watengeneza dokumentari. Haikuokotwa barabarani. Imepigana mwaka mmoja na nusu kufika hapo, na sisi majirani hatujaisindikiza hata kwa neno moja.

Niliuliza kwenye jumba moja la sinema hapa Dar kama wana mpango wa kuileta. Dada wa kaunta akashangaa, akaniuliza Bobi Wine ameanza kuigiza lini. Simlaumu yeye, nani alimwambia? Kurasa zinazotuchambulia gauni la kila msanii wa Marekani kwenye zulia jekundu hazijaandika mistari mitatu kuhusu Bwayo. Kwenye huduma ya mtandaoni inayoionyesha, nchi zetu bado hazimo. Mimi nimeiona kwa msaada wa ndugu aliyeko nje. Yaani si rahisi kwa Mganda na Mtanzania wa kawaida kuitazama filamu inayowahusu kuliko mtu mwingine yeyote.

Na ni filamu hasa! Inamfuata Robert Kyagulanyi, ndilo jina halisi la Bobi Wine, kijana wa Kamwokya, Kampala, tangu anaingia bungeni mwaka 2017, bunge lile lile lililofuta ukomo wa umri wa rais mwishoni mwa mwaka huo, mpaka uchaguzi wa Januari 2021, nyumba yake imezingirwa na askari na intaneti nchi nzima imezimwa. Kamera imo ndani ya nyumba. Unamwona mwaka 2018 baada ya kukamatwa Arua, hawezi kutembea bila magongo. Unamwona mkewe, Barbara, ambaye Waganda wanamwita Barbie, akibeba familia na kampeni kwa wakati mmoja bila kupaza sauti. Huyo ndiye nilitaka tumjadili wiki hizi sita. Bwayo naye aliwekwa ndani, akapigwa risasi usoni akiwa kazini na kamera yake, na mwishowe akaikimbia nchi. Mtu ameacha kwao ili picha hizi zitufikie, halafu tunabishana kuhusu Ken wa kwenye Barbie.

Najua mtakachonijibu: hiyo ni siasa, tusiingilie ya jirani. Mbona Oppenheimer ni siasa kuanzia dakika ya kwanza na mnaisifia? Mbona 20 Days in Mariupol ni vita ya Ukraine inayoendelea na mnaichambua bila woga? Hofu ya kuitaja filamu ya Kampala naielewa, lakini msiivalishe nguo ya ustaarabu. Si lazima umpigie kura Kyagulanyi ili useme kwamba uhariri wa filamu yake ni wa hali ya juu.

Mwaka 2014 Lupita Nyong'o alipobeba ya mwigizaji msaidizi, Afrika Mashariki nzima ilisema ni dada yetu. Mcheza kwao hutunzwa, tunasema kila siku, ila kumbe tunasubiri wageni watunze kwanza ndipo tukimbilie kupiga picha. Mnakumbuka Watu Wote, filamu fupi ya tukio la basi la Mandera, Wakenya wakiigiza kwa Kiswahili na Kisomali? Iliteuliwa 2018. Muongozaji alikuwa mwanafunzi kutoka Ujerumani. Kisa chetu, lugha yetu, waigizaji wetu, na aliyekipeleka mpaka Los Angeles ni Mjerumani!

Mwaka huu imejirudia. Kwenye kipengele cha filamu ya kimataifa, kisa cha Kiafrika kilichopenya mpaka tano bora ni Io Capitano, vijana wawili wa Dakar wanaovuka jangwa na Libya kwenda Ulaya, wanazungumza Kiwolof na Kifaransa. Bendera iliyoandikwa pembeni ni ya Italia, muongozaji ni Matteo Garrone. Filamu nzuri, na kijana Seydou Sarr alistahili kabisa tuzo ya mwigizaji chipukizi aliyopewa Venice. Ila tazameni historia ya kipengele hicho. Nchi za Afrika zimekibeba mara tatu tu: Algeria kwa Z, Ivory Coast kwa Black and White in Color, Afrika Kusini kwa Tsotsi. Mbili za kwanza ziliongozwa na watu wa Ulaya. Kwa hiyo muongozaji Mwafrika aliyeibebea nchi yake ni mmoja, Gavin Hood, mwaka 2006.

Sehemu ya lawama ni ya Academy, chama kinachotoa Oscar, na sheria yao ya nchi moja filamu moja, inayochaguliwa na kamati ya nchi husika. Sheria hiyo inawaumiza hata wakubwa. Ufaransa waliiacha Anatomy of a Fall wakapeleka The Taste of Things, ambayo haikupita kwenye tano bora, huku ile waliyoiacha ikiteuliwa vipengele 5, Filamu Bora ikiwemo. Ufaransa wataumia wiki moja na kusahau. Kwetu kamati ikikosea, au ikiogopa, muongozaji amepoteza nafasi ambayo huenda hataipata tena. Kenya 2018: filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu imetoka tamasha la Cannes, nyumbani imepigwa marufuku. Mahakama ikaiondolea marufuku kwa siku saba ili itimize sharti la kuonyeshwa kwenye sinema nchini, watu wakajaza kumbi Nairobi, na mwisho kamati ikapeleka Supa Modo. Supa Modo ni filamu ninayoipenda mno, sina ugomvi nayo. Nachukia kuona filamu mbili nzuri za nchi moja zinagombanishwa mlangoni wakati Hollywood inaingiza kumi kwenye Filamu Bora.

Lakini Watanzania tusijifiche nyuma ya Academy. Sharti lao lingine ni kwamba zaidi ya nusu ya maongezi yasiwe ya Kiingereza. Nigeria waliondolewa na sharti hilo 2019, Lionheart ikaenguliwa kwa sababu Kiigbo kilikuwa dakika chache tu. Sisi hilo halitugusi! Filamu zetu ni za Kiswahili mwanzo mwisho, tayari tuna kinachotakiwa. Na bado tulipeleka Maangamizi mwaka 2001, tukalala zaidi ya miaka ishirini, tukaamka 2022 na Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji. Miaka hiyo yote katikati Bongo Movie ilikuwa inatoa filamu kila wiki. Hakuna aliyekaa mezani akasema mwaka huu tunapeleka ipi?

Haya, utabiri wangu, maana kura zilishafungwa tarehe 27 Februari na wajumbe zaidi ya 9,000 walishaamua.

Filamu Bora ni Oppenheimer, uongozaji ni Nolan, na sioni mjadala. Imeteuliwa 13 na imefagia BAFTA (tuzo za filamu za Uingereza), tuzo za waongozaji na za watayarishaji. Cillian Murphy anabeba ya mwigizaji bora wa kiume, Robert Downey Jr. anabeba ya mwigizaji msaidizi. Da'Vine Joy Randolph kwa The Holdovers, mwigizaji msaidizi wa kike, ndiye mwenye uhakika kuliko wote, kila jukwaa alilopanda msimu huu ameshuka na tuzo.

Mwigizaji bora wa kike ndipo roho yangu ilipo. Nasema Lily Gladstone wa Killers of the Flower Moon. Emma Stone wa Poor Things kachukua BAFTA na wengi wenu mnampa, lakini Gladstone kachukua ya chama cha waigizaji juzi tarehe 24, na waigizaji ndio kundi kubwa kuliko yote kwenye Academy. Ni mwanamke wa kwanza mzawa wa asili wa Marekani kuwania kipengele hiki. Ndani ya filamu ya saa tatu na nusu, amekaa kati ya DiCaprio na De Niro, na ukimtazama macho yake tu unajua Mollie, mhusika wake, ameshaelewa nini. Stone tayari anayo ya 2017. Wakimnyima Gladstone, nitafungua uzi mwingine, na huo hautakuwa na salamu.

Skripti: American Fiction kwa iliyotoholewa, Anatomy of a Fall kwa ya kubuni. Filamu ya kimataifa itakwenda kwa The Zone of Interest, na kwa sauti pia ningewapa hao hao badala ya Oppenheimer. Filamu ile unaitazama bustani lakini masikio yako yako upande wa pili wa ukuta, kambi ya mauaji ya Wanazi ya Auschwitz. Sijawahi kusikia sauti ikifanya kazi nzito kiasi kile. Wimbo ni wa Billie Eilish. Vilivyobaki sina la kusema.

Dokumentari. Itakwenda kwa 20 Days in Mariupol, imeshabeba BAFTA na ya waongozaji. Mstyslav Chernov na wenzake walibaki ndani ya mji uliozingirwa wakirekodi mpaka wodi za hospitali, na anayesema hawastahili hajaitazama. Hasira yangu haiwahusu. Iko pia Four Daughters ya Kaouther Ben Hania kutoka Tunisia, kwa hiyo Afrika ina filamu mbili kati ya tano kwenye kipengele kimoja. Filamu mbili! Tungekuwa tunalipigia kelele hilo tangu Januari. Moyo wangu uko na Bwayo hata akitoka kapa.

Sherehe ni Jumapili ya tarehe 10, kwa saa zetu ni Jumatatu kuanzia saa nane usiku. Nitakuwa macho. Mwenye ukurasa wa burudani anayesoma hapa, bado una siku chache: andika jina la Moses Bwayo, weka picha yake, waeleze wafuasi wako ametokea wapi.

Na dirisha la kupeleka filamu za mwaka ujao huwa linafungwa karibu na Oktoba, tuna kama miezi saba. Anayeijua filamu ya Kiswahili iliyotoka karibuni na inayofaa kupelekwa aiandike hapa chini, na kama kuna mtu wa kamati ya uteuzi humu, aseme mchakato umefikia wapi na nani anapokea maombi.