Mjadala: Je, tanuru za chokaa za Lubumbashi ziruhusiwe kuchoma koki ya petroli?

Mkaaji wa Katuba: Ndugu zangu, inasemekana kwamba tanuru moja ya chokaa karibu na mji inataka kuacha makaa ya mawe na kuagiza koki ya petroli, fueli yenye salfa nyingi. Naomba ikatazwe. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya India iliipiga marufuku katika majimbo ya karibu na Delhi, na sisi tuliokulia chini ya moshi wa shaba tunajua jinsi salfa inavyokwaruza koo. Lawama nyingine iwaendee wauza makala, yaani mkaa wa miti, kwa kuwa wao ndio waliomaliza msitu wa miombo.

Mzee wa Likasi: Mbona koki si kitu kigeni? Ililetwa kwa treni kutoka Wankie, Hwange ya leo huko Zimbabwe, tangu shaba ilipoanza kuyeyushwa hapa mwaka 1911.

Fundi wa tanuru: Mzee, kwa heshima, hizo ni koki mbili tofauti. Ile ya Wankie ilitokana na makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa hadi joto la nyuzi 1,000 hivi, ikawa ngumu kiasi cha kubeba uzito wa mawe ndani ya tanuru. Koki ya petroli ni masalio ya kiwanda cha kusafishia mafuta: dizeli na petroli zikishatolewa, tope zito linalobaki hupashwa joto la karibu nyuzi 500 hadi livunjike, na kinachoganda ni kaboni karibu tupu. Jivu lake halifiki asilimia 1, na kilo moja hutoa takriban megajuli 32 hadi 35, ambazo makaa mengi ya mawe hayazifikii. Tena mwezi Desemba 2017 mahakama hiyo ya India iliruhusu viwanda vya saruji na chokaa kuendelea kuitumia, kwa sababu chokaa hunasa salfa.

Binti wa Kenya: Papa wa Katuba, mama yangu aliuza makala katika soko la Kenya, mtaa wetu hapa Lubumbashi, akatusomesha sisi sote. Umeme ukikatika jioni, bukari, yaani ugali, la nyumbani kwako hupikwa kwa nini kama si kwa mbabula, jiko la makala? Mnunuzi asimtupie muuzaji mzigo wote wa msitu.

Mkaaji wa Katuba: Sikumtaja mama yako, binti yangu. Hata hivyo, aliyeijua barabara ya Kasenga zamani na akaipita leo hawezi kunyamaza juu ya miti.

Binti wa Kenya: Ulisema «wao ndio», na mama ni mmoja wao.

Mwalimu wa kemia: Naomba niwaunganishe, maana tofauti ya fueli hizi ndiyo kiini cha hoja. Makala ya miti yana salfa kidogo sana na huwaka kwenye mbabula kwa kupulizwa tu. Koki ya petroli mara nyingi ina salfa ya asilimia 3 hadi 6, pamoja na metali za vanadi na nikeli, na kwa kuwa gesi zake za kuwaka ni chache, haishiki moto kwa urahisi. Husagwa ikawa unga na kupulizwa ndani ya moto mkali. Kwa hiyo haitaokoa mti hata mmoja wa miombo, kwa sababu haiingii jikoni. Nawe Fundi, salfa iliyonaswa haikutoweka, bali sehemu yake imebaki ndani ya chokaa mnayoiuza. Mimi naogopa zaidi vumbi: mwaka 2013 marundo ya koki hii kando ya mto Calumet, Chicago, yalipeperushwa na upepo hadi ndani ya nyumba za watu.

Fundi wa tanuru: Basi ijengewe ghala lenye kuta na paa.

Mkaaji wa Katuba: Ghala lijengwe kwanza, treni ije baadaye. Na wewe binti, neno «waliomaliza» nimeliondoa.

Binti wa Kenya: Nimelipokea, Papa. «Lawama» bado ipo.