Gumzo la kikundi: Matibabu ya Hamza na safari ya mama yake

Alhamisi

Shangazi Zuhura, saa 12:15 jioni: Assalamu alaikum, ndugu zangu. Hamza ametoka hospitali, Alhamdulillahi, na sasa yuko nyumbani kwa Ami Swaleh, Houston. Yale maumivu ya kigimbi, ambayo yeye na wenzake wa timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani walidhani ni msuli uliokazwa na mazoezi, yalikuwa ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, na sehemu yake ilikatika ikasafiri hadi kwenye mapafu yote mawili. Mama yake anapaswa kumfikia mwanawe, kwa hiyo naomba kila mmoja aandike hapa kiasi atakachochangia tiketi.

Shangazi Zuhura, saa 1:50 usiku: Naona wengi mmeshausoma ujumbe wangu. Nasubiri majibu.

Athumani, saa 1:58 usiku: Shangazi, mimi mchezo huu sijauelewa tangu siku ya kwanza. Mpira wanaukumbatia na kukimbia nao kama mtu aliyeiba papai, halafu wanauita mpira wa miguu.

Saidi, saa 2:00 usiku: Kwa habari za kuiba papai, aulizwe Athumani mwenyewe na Mzee Mbwana.

Athumani, saa 2:01 usiku: Mzee Mbwana asitajwe humu, tafadhali.

Khadija, saa 2:20 usiku: Naomba turudi kwa mgonjwa. Nimezungumza na Ami Swaleh kuhusu dawa, nami nazieleza kama ninavyowaeleza wagonjwa wangu wodini. Apiksabani anayoimeza asubuhi na jioni haiyeyushi bonge lililokwisha kuganda, bali huzuia lisikue na lisitokee jingine, huku mwili wenyewe ukilimaliza polepole. Dawa hii hutumiwa kwa muda usiopungua miezi 3, na katika kipindi hicho hawezi kucheza mchezo wa kugongana, kwa sababu pigo la kichwa au la tumbo ambalo mwenzake angelisahau jioni hiyohiyo linaweza kumvujisha damu ndani kwa ndani. Kwa sababu iyo hiyo asimeze aspirini wala ibuprofeni bila idhini ya daktari, na aliyekusudia kumpelekea dawa ya mitishamba aiache hapahapa Mombasa. Lipo pia swali la madaktari ambalo hatujalijibu: je, katika ukoo wetu yupo aliyewahi kuvimba mguu mmoja, kugandwa na damu, au kufariki ghafla baada ya kujifungua? Jibu letu litawasaidia kuamua kama dawa isimamishwe baada ya miezi hiyo au iendelee.

Shangazi Zuhura, saa 2:24 usiku: Ahsante, Khadija. Hilo la ukoo tutaliangalia. Tiketi kwanza.

Ami Swaleh (Houston), saa 3:05 usiku: Hamza ana huzuni kuliko anavyoonyesha kwenye simu. Nimemweleza habari za David Andrews wa New England Patriots, timu ya mchezo huohuo wa Hamza, ambaye alikosa msimu wote wa 2019 kwa sababu ya mabonge ya damu mapafuni, kisha akarudi uwanjani mwaka 2020. Nilimwona akitabasamu kidogo.

Ami Rashid, saa 3:30 usiku: Mwelezeni na upande wa pili. Chris Bosh, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Miami Heat, aligandwa na damu mwaka 2015, ikamrudia mwaka 2016, na hakucheza tena mechi ya NBA, ligi yao kuu. Mtoto asilishwe tumaini la nusu. Ama kuhusu mchango, mimi sitoi shilingi mpaka jambo la Malindi lizungumzwe.

Shangazi Zuhura, saa 3:33 usiku: Kaka Rashid, Malindi ina siku yake.

Ami Rashid, saa 3:34 usiku: Siku hiyo naambiwa inakuja tangu nilipokuwa mtoto.

Mwanaisha, saa 4:10 usiku: Bibi amenitaka niandike anavyosema, bila kuongeza wala kupunguza:

“Nimesomewa yote. Zuhura, tiketi iweke kando kwanza. Swali la Khadija lina jibu, nalo ninalo mimi. Mdogo wangu, mamake Rashid, alijifungua salama kule Malindi. Siku chache baadaye mguu wake wa kushoto ulivimba kuanzia pajani, ukawa wa moto, na ngozi ikang’aa. Tukaukanda kwa mafuta ya nazi. Asubuhi aliinuka kwenda msalani, akasema pumzi haimtoshi, akaanguka mikononi mwangu. Watu wakasema amefanyiwa, wakamtaja mtu kwa jina, na tangu hapo nyumba mbili haziamkiani. Mtu yule hakumfanyia lolote. Khadija, yaandike haya na umpelekee daktari. Na mtu yeyote asimwulize mtoto atarudi lini uwanjani.”

Ijumaa

Khadija, saa 12:40 asubuhi: Shikamoo, Bibi. Nimeyaandika yote. Bila vipimo hakuna awezaye kuthibitisha, lakini maelezo hayo yanafanana mno na ugonjwa wa Hamza, na wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua ni kipindi ambacho damu huganda kwa urahisi zaidi. Madaktari hutazama zaidi wazazi na ndugu wa tumbo moja, ila na hili watalitaka. Dada zangu mnaotumia vidonge vya uzazi vyenye estrojeni, wambieni madaktari wenu habari hii.

Hamza, saa 1:30 asubuhi: Shikamooni nyote. Nimesoma kila kitu, hata habari za Bosh, ambazo nilizijua. Ngazi za nyumba ya Ami Swaleh nazipanda kwa kusimama mara moja katikati, nikishika ukuta mpaka kifua kitulie. Nikiruhusiwa kurudi mazoezini kabla ya kumaliza dawa, nitavaa fulana ya rangi tofauti ili wenzangu wajue kwamba sigongwi. Ami Rashid, pole kwa mama.

Mama Hamza, saa 2:15 asubuhi: Mwanangu, kunywa dawa kwa wakati. Viza ninayo, lakini pasipoti mpya sijaipata.

Shangazi Zuhura, saa 2:17 asubuhi: Hukuniambia jambo hilo, wifi yangu. Ndege ya Kenya Airways ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York nimeshaiulizia, na kutoka hapo ataunganisha hadi Houston.

Khadija, saa 2:30 asubuhi: Safari hiyo hadi New York pekee ni takriban saa 15 angani. Mama Hamza ainuke atembee kila baada ya muda na anywe maji ya kutosha. Hamza asiambiwe aje nyumbani likizo hii bila daktari wake kukubali.

Ami Rashid, saa 3:00 asubuhi: Bibi, nitakuja kwako baada ya sala ya Ijumaa. Mengine sitayaandika humu.

Shangazi Zuhura, saa 3:02 asubuhi: Kaka Rashid, karibu. Wengine, nimepokea ahadi ya Ami Swaleh peke yake. Nani atafuatilia pasipoti?

Saidi, saa 5:45 asubuhi: Mchango tumtumie Shangazi au Khadija?