Mnatuletea watoto na gari la halmashauri, hela ya kuwalisha iko wapi?

Wakuu, nimenyamaza vya kutosha. Niko Mufindi, Iringa, kwenye kituo cha NGO cha kulelea watoto yatima, na daftari la matumizi nalishika mimi.

Juzi jioni limekuja tena gari la halmashauri. Kashuka afisa ustawi na mtoto wa kike wa miaka kama minne, kandambili miguuni, sweta hana, na baridi ya huku mwezi wa saba mnaijua. Barua ina muhuri, ina kumbukumbu namba, ina nakala kwa mkurugenzi. Nimeisoma yote nikitafuta mstari mmoja unaotaja fedha. Haumo. Afisa mwenyewe simlaumu, naye hapewi fungu. Kasaini kitabu, kaondoka, mtoto kabaki anang'ang'ania geti analia. Usiku ule ule tulianza kumtafutia godoro.

Sasa mtoto huyu ni wa nani? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeipa serikali ya mtaa jukumu la kulinda ustawi wa mtoto aliye kwenye eneo lake. Jukumu ni lao, wanaotekeleza ni sisi, na anayekaguliwa pia ni sisi! Leseni, vyoo, nafasi kati ya vitanda, idadi ya walezi. Sheria ya NGO nayo inataka kila mwaka, taka usitake, utoe taarifa ya fedha iliyokaguliwa, na mkaguzi wa hesabu hafanyi kazi bure. Ukaguzi siupingi hata kidogo, kuna vituo vimeumiza watoto. Ninachokataa ni kupangiwa kila kitu na mtu ambaye hajawahi kuchangia hata kiroba cha unga.

Msiniambie tuna wafadhili. Tulikuwa nao. Tarehe 20 Januari 2025 Trump kasaini misaada ya nje isimame, na mradi uliokuwa ukitulipia walezi na nauli za kliniki ukafa. Utafiti wa UKIMWI wa 2022/23 ulionyesha maambukizi kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati taifa zima ni 4.4. Kwa hiyo yatima wa Nyanda za Juu Kusini si jambo la kushtukiza, serikali inawajua miaka yote. Ila iliwaacha mikononi mwa Wamarekani, na Wamarekani walipoondoka haikuja kushika nafasi yao.

Wengine watataja asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa vikundi. Ile ni mikopo jamani: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, na lazima irudishwe. Mtoto wa miaka minne atarudisha kwa kuuza nini? Na ndiyo mikopo ile ile iliyosimamishwa 2023 baada ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuibua madudu, vikundi hewa vimekula. Watoto wetu si hewa, njooni muwahesabu mezani saa ya makande.

Kinachonikera zaidi ni kwamba utaratibu wa kulipa upo. Tosamaganga ni hospitali ya Kanisa Katoliki, lakini imekuwa hospitali teule ya Halmashauri ya Wilaya ya Iringa, yaani inatibu kwa niaba ya halmashauri. Kuna mkataba wa huduma, kuna watumishi wanaolipwa na serikali, na hakuna anayeona ajabu. Makubaliano ya serikali na makanisa kuhusu huduma za jamii yalisainiwa tangu 1992. Kumbe serikali inajua vizuri kumlipa mtu binafsi anayeifanyia kazi yake! Kwa mgonjwa inawezekana, kwa mtoto asiye na mzazi tunaambiwa tujitolee kwa moyo.

Ikifika 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, hapo mtawaona. Mchele, sukari, mche wa sabuni, watoto wanapangwa mstari nyuma ya bango, picha zinapigwa. Ile sukari haifiki mwisho wa mwezi.

Tunachotaka kinaandikika kwenye ukurasa mmoja. Barua ya kumleta mtoto iwe na kiasi chake: chakula, matibabu, sare za shule. Kiwe na kasma, yaani kifungu chake, kwenye bajeti ya halmashauri, kilipwe kila robo mwaka kwa idadi ya watoto waliopo, na CAG aje akague mpaka jikoni. Daftari langu liko wazi.

Wadau wa Makete, Kilolo, Rungwe, Mbarali na kwingine: kama kuna halmashauri inalipa kituo hata shilingi kwa kila mtoto inayemleta, wekeni hapa ni kasma gani na ilipitishwa kikao kipi. Nataka nimpelekee diwani wetu kabla hawajakaa kwenye bajeti ijayo.